Redio ya Kelele Kuliko Zote

Bwana Polepole alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa redio. Gari lake la kubebea maharusi, la zamani kuliko maharusi wenyewe, aliliendesha taratibu hadi kuku wakawa wanakatiza mbele yake bila hata kugeuza shingo. Lakini redio aliifungulia mpaka vioo vikatetemeka. Na kila mara mkewe, pale kando yake, alinyoosha mkono akaipunguza. "Unataka kunitoboa masikio?" Miaka nenda rudi ugomvi wao ulikuwa huo huo, na wala hawakutaka uishe.

Mke akafariki. Haukupita muda, sauti ya redio ikaanza kushuka yenyewe. Akiipandisha, inashuka kidogo kidogo mpaka inanong'ona. Mtu mwingine angetimua mbio! Yeye nywele zilimsimama, ndiyo, lakini akajikuta anacheka huku machozi yanamlengalenga. "Haya, mama watoto, nimesikia." Tangu hapo hakuwa peke yake garini, na asikudanganye mtu, alikuwa na raha.

Mpaka siku bibi harusi mmoja alipofika langoni mwa ukumbi, ndugu wamejipanga tayari kucheza, wimbo ukafifia ukapotea. Loo, alivyosemwa! Binti yake akaja juu: "Baba, hiyo redio inakutia aibu. Kesho tunakwenda kutafuta nyingine."

Fundi redio akaichomoa ile ya zamani, akaifungua, akapuliza vumbi.

"Mzee, swichi ya sauti imechoka. Inateleza yenyewe. Wala si kitu cha ajabu."

Si kitu cha ajabu, eti! Bwana Polepole alihisi anafiwa upya, pale pale dukani, mbele ya watu wanaonunua betri.

Fundi akampangia redio mezani. Moja ilifanana na ile ya zamani, nyingine ilikuwa ndogo, ya sauti ya kistaarabu. Bwana Polepole akawa anazipandisha moja moja hadi mwisho, kisha anaikodolea macho swichi, anasubiri. Hakuna iliyoshuka.

"Ipi inapiga kelele kuliko zote?"

Fundi akacheka. "Hiyo kubwa, mzee, lakini ni ya vijana. Haiingii mpaka nikate dashibodi, na gari kama hili kulikata ni dhambi."

"Kata."

Binti na fundi wakatazamana. Hakuwa amerukwa na akili, alijua anachofanya. Kelele ya kawaida mkewe angeivumilia huko aliko. Hii hataiweza. Kwa hii lazima aje.

Wakati wa kurudi binti alikaa pale alipokuwa akikaa mama yake. Bwana Polepole akafungua sauti mpaka mwisho. Vioo vikalia, wapita njia wakageuka, kuku wakatawanyika. Macho yake hayakubanduka kwenye swichi. Njia nzima haikusogea hata chembe. Binti masikio yalimuuma, mkono ukamwasha kupunguza, lakini akajizuia. Alikuwa hajamwona baba yake akichangamkia kitu tangu msiba, akaona si vizuri kumharibia.

"Mama yako angekuwa ameshapunguza," Bwana Polepole alisema.

"Unasemaje, Baba?" binti akapayuka.

Hakurudia.