Landrova ya Kumshusha Ruthi

Tadeo Mapunda alistaafu udereva wa shamba la mkonge akiwa na miaka sitini na miwili, na badala ya sehemu ya kiinua mgongo chake akapewa Landrova. Ndiyo hiyo hiyo aliyoiendesha miaka kumi na tisa ya mwisho, akipakia katani, vibarua na mapipa ya dizeli. Wenzake walimwonea huruma, maana gari lilikuwa limechoka hata rangi yake ya kijani imebaki milangoni tu. Yeye hakulalamika. Aliliegesha uani kwake Pongwe, na mkewe Ruthi akapata mahali pazuri pa kuanikia kanga zake.

Babu yake Tadeo aliletwa Tanga kutoka Songea, manamba, yaani kibarua wa mkataba, wa kukata mkonge. Ruthi ni Mshambaa, kwao ni juu kabisa, ukishapita Mlalo. Yeye Mlutheri, mumewe Mkatoliki, na kwa miaka thelathini na minne walikuwa wakiagana mlangoni kila Jumapili asubuhi, kila mmoja na kanisa lake, halafu wanakutana mezani. Mtoto wao mmoja, Leticia, anafundisha shule Dodoma. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, na watu wawili hao walikuwa wamezoeana kiasi kwamba Ruthi alijua kwa mlio wa kijiko kama chai ya mumewe imekosa sukari.

Mwezi wa tano mwaka juzi Ruthi alipanda kwao kumsaidia mama yake mzee kuvuna maharage. Siku ya nne akateleza kwenye mteremko wenye tope, akavunjika nyonga. Hospitali ya huko huko milimani walimfanyia upasuaji, wakamfunga vyuma, wakamwambia mambo mawili: atatembea, ila achunge sana mtikisiko. Tadeo akakaa naye wiki tatu, kisha akarudi Pongwe kuangalia nyumba, akiamini kwamba mkewe atamfuata baada ya miezi miwili.

Mwezi wa tisa Ruthi alijaribu. Shemeji yake alimkodia pikapu, wakamtandikia magodoro mawili nyuma. Hawakufika mbali. Kwenye kona ya kwanza penye daraja la magogo, barabara ilipoanza mashimo, alipiga yowe lililomfanya dereva azime gari palepale. Walimrudisha nyumbani wakimbeba kwa machela. Tangu siku hiyo hakutaka tena kuzungumzia habari ya kushuka.

Walibaki na simu. Ruthi alikuwa akipiga jioni, na mara nyingi hakuwa na la kusema.

"Baba Leticia," alisema siku moja, "niwekee simu dirishani."

Tadeo akaiweka. Nje walikuwa wanapita watu wanatoka sokoni, bodaboda zinanguruma kijiweni, na mwadhini alikuwa ameanza kuadhini magharibi. Alisimama pembeni ya dirisha bila kupumua kwa nguvu, kama mtu anayemshikia mwenzake kitu kinachomwagika. Alipoirudisha simu sikioni, ilikuwa imekatwa.

Ndipo alipotoka uani, akaondoa kanga moja iliyosahaulika juu ya boneti tangu mwezi wa tano, akalitazama lile gari.

Alijua kabisa kwamba gari dogo haliwezi ile njia. Tumbo lake litaburuzika chini kabla ya kufika Mlalo. Landrova ingepanda, hilo hakuwa na wasiwasi nalo. Shida ni kwamba ilikuwa inarusha. Springi zake, zile za vyuma bapa vilivyolaliana kimoja juu ya kingine, zilikuwa zimelala na kushikana kutu. Shokapu, zile za kupunguza mtikisiko, zilikuwa zimemwaga mafuta zamani. Ukipita kwenye shimo, chuma kinagonga chuma, na pigo lote linakwenda kwenye kiti. Alipiga simu kuulizia bei ya seti nzima mpya kutoka Dar es Salaam, ikamshinda, akamshukuru kijana wa dukani kwa heshima, akakata simu.

Basi akaanza mwenyewe kwa alichokuwa nacho. Leticia alimtumia kidogo. Akanunua bushi mpya, yaani vile vipira vinavyokaa kwenye ncha za springi, na shokapu nne zilizotumika zilizokuwa bado na nguvu. Alizibonyeza moja moja dukani mpaka mwenye duka akachoka kumtazama. Akainua gari kwa jeki, akaliweka juu ya magogo, akafunga kila kitu, akakaza nati kwa nguvu zake zote. Ruthi hakuambiwa neno. Alishaumia mara moja kwa tumaini la kushuka, na Tadeo hakutaka kumuumiza mara ya pili.

Jirani yao, Bi Saleha, mama mtu mzima wa miaka sabini na kitu aliyekuwa na maradhi ya mgongo, alisikia nyundo siku tatu mfululizo. Alipojua kinachoendelea alisema gari lipimwe kwa kumpakia yeye kwanza. Kwao ni Kigombe, alikuwa na safari ya kumwona mdogo wake, na mgongo wake haujui kusema uongo.

Wakaondoka asubuhi. Tadeo aliweka ndoo ya maji sakafuni, karibu na miguu ya Bi Saleha, aone kitakachobaki. Walipofika upande wa Kigombe aliacha barabara kubwa makusudi, akaingia njia za ndani katikati ya mkonge, ambako matrekta yamechimba makorongo. Walipofika kwa mdogo wake, robo tatu ya maji ilikuwa imemwagika, na gauni la bibi lilikuwa limelowa mpaka magotini. Alishuka taratibu, akashika mlango kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alisema, "wewe nakupenda na mkeo nampenda. Usimpakie humu."

Tadeo aliyasikia maneno hayo siku nzima. Kurudi nyumbani Bi Saleha alitafutiwa usafiri mwingine, na Tadeo akaendesha peke yake na ndoo tupu, akijihisi mjinga. Akawaza kwamba huenda ndivyo itakavyokuwa: yeye huku, Ruthi kule, na simu dirishani.

Kesho yake, hata hivyo, alikwenda na gari Ngamiani, mjini Tanga, kwa Mudathir, fundi wa springi. Mudathir hatengenezi kitu kingine. Ana banda la mabati, fuawe la kupondea vyuma, na rundo la vyuma vya magari yaliyokufa, na watu wanasema anaweza kujua springi imetoka kwenye gari gani kwa kuigonga tu na kuisikiliza. Alimwamkia Tadeo shikamoo, akaingia uvunguni na tochi, akakaa huko muda mrefu.

"Mzee, hizi bushi ulizikaza gari likiwa juu?" aliuliza kutoka chini.

Tadeo akajibu ndiyo.

Mudathir akamweleza. Bushi ikikazwa gari likining'inia, siku zote inakumbuka pale ilipokazwa. Ukiliteremsha chini, mpira unajisokota, unapigana na springi badala ya kuiacha icheze, na baada ya muda unachanika. Inafungwa kwa kulegea, gari linashushwa, linasimama kwa uzito wake, ndipo nati zinakazwa. Tadeo alikuwa ameendesha miaka arobaini na hakuwahi kuambiwa hilo, kwa sababu shambani kazi hiyo ilikuwa ya mafundi.

Kisha Mudathir akatoka, akajifuta mikono, akamwonyesha jambo la pili. Nyuma, juu ya springi zenyewe, palikuwa na vyuma viwili vinene vya nyongeza kila upande.

"Hivi viliwekwa shambani?"

"Viliwekwa mwaka tulioanza kubeba mzigo mkubwa."

"Basi mzee, gari hili halibebi tena katani, lakini bado limefungwa kwa ajili ya katani. Unataka kumbeba nani?"

Tadeo akamwambia. Hakukusudia kusema mengi, lakini alijikuta amesema yote, hadi habari ya daraja la magogo. Mudathir alisikiliza akitazama chini. Mwishoni alisema springi mpya hazihitajiki. Vyuma vya nyongeza vitatoka. Vilivyobaki vitasafishwa kutu, vikunjwe upya kwa nyundo virudishe mgongo wake, vipakwe grisi kati yake viweze kuteleza. Kimoja kilichopasuka angekitafutia mwenzake kwenye rundo. Na kama mzee atasugua kutu mwenyewe, ufundi utakuwa nafuu.

Kwa siku nane, gari likiwa kwa Mudathir, Tadeo alipanda baiskeli kutoka Pongwe hadi Ngamiani, akaketi kwenye kigoda na brashi ya waya, akasugua. Kutu ilimwingia kwenye kucha, kwenye mikunjo ya shingo, hata chai ikawa na ladha ya chuma. Jioni Ruthi akipiga na kumuuliza ameshindaje, alimjibu kwamba ameshinda mjini. Siku moja Ruthi akauliza mjini kuna nini kila siku. Tadeo akasema kuna jua. Ruthi alicheka, na kwa kuwa hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa miezi, Tadeo alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kuagana.

Mudathir alifunga kila kitu kwa kulegea, akalishusha gari, akalitikisa kwa uzito wake, akalala chini tena na kukaza. Akapunguza upepo kwenye matairi. Wakampigia Bi Saleha. Safari hii ndoo haikuwepo, maana bibi aliikataa katakata. Alisema akitaka kuoga ataoga kwake. Wakapita njia zile zile za mkonge kuelekea Kigombe. Katikati ya safari Tadeo akageuka kumuuliza kama yuko salama, akakuta amesinzia, mdomo wazi, mtandio umemteleza begani.

Tadeo akapanda milima mwezi wa kwanza, njia ikiwa kavu. Alifika alasiri. Ruthi alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, amekonda, nywele zimeongezeka mvi. Hakukimbia wala hakulia. Alilizunguka gari polepole, akaweka kiganja kwenye boneti yenye moto, akasema, "Kumbe ndilo jua lenyewe la mjini."

Asubuhi wakaagana na mama yake Ruthi. Bibi huyo, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa amelala chumba kimoja na bintiye kwa miezi yote minane, vitanda vyao vikitazamana. Aliletwa mpaka dirishani mwa gari, akasema jambo kwa Kishambaa, kwa sauti ndogo ambayo Tadeo hakuikamata. Ruthi hakumtafsiria.

Mpaka Mlalo waliteremka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Penye daraja la magogo Tadeo alipunguza zaidi, mkono ukiwa tayari kwenye gia, akimtazama mkewe kwa kuibia. Ruthi alikuwa ameushika mshikio wa juu ya mlango kwa nguvu.

"Usisimame," alisema.

Gari likashuka shimoni, likainuka, likajituliza. Ruthi akauachia ule mshikio, akaweka mikono mapajani. Walifika Pongwe jua linazama, na Bi Saleha alikuwa amewapikia wali wa nazi na papa.

Ungedhani habari inaishia hapo, na Tadeo naye alidhani hivyo. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa wageni. Ya pili Ruthi alipanga upya makabati. Ya tatu Tadeo akaanza kumwona akisimama katikati ya kuchambua mchele, ungo umelala magotini, anatazama ukuta. Kila jioni alimpigia dada yake aliye milimani na kumwomba amwekee mama simu sikioni. Siku moja Tadeo akamuuliza Ruthi, mama yake alisema nini siku ile dirishani mwa gari.

"Alisema, sasa nikiamka nimsalimie nani."

Tadeo akatoka nje. Alikuwa na uchungu, na hakuona aibu kuukiri baadaye: miezi minane ya kungoja, siku nane za kutu, na mtu aliyemleta yuko hapa lakini nusu yake imebaki kule. Akazunguka uani mara kadhaa. Alipoingia ndani uchungu ulikuwepo bado, ila alijua pia kwamba yeye ndiye mtu anayeijua zaidi hali ile kuliko mwingine yeyote.

"Jumamosi nitakupeleka," alisema.

"Utabaki peke yako tena."

"Nitabaki. Lakini safari hii najua njia inapitika."

Sasa wanaishi hivyo. Ruthi anakaa juu wiki tatu, nne, anashuka, anapanda tena. Kila baada ya safari mbili Tadeo anaingia uvunguni na grisi. Akiwa peke yake bado anapika chakula cha watu wawili, na bado kuna jioni anakaa mlangoni hana hamu ya kuongea na mtu. Masika yaliyopita udongo uliporomoka ukafunga njia siku kumi na sita, na kila asubuhi alikuwa akiwapigia madereva wa Mlalo kuulizia.

Siku njia ilipofunguliwa alipanda. Alimkuta mama mkwe wake ameketi nje kwenye jua, amevaa kitenge kizuri, na Ruthi anamfunga kilemba. Mzee huyo alikuwa na miaka mitano hajaliona kanisa lake, lililo kwenye mlima wa pili, kwa sababu mgongo wake haukuweza pikipiki wala pikapu. Alikuwa amemuuliza bintiye, mara nyingi mno, kama lile gari la mkwe linaweza kubeba mtu mzee kiasi gani.

Tadeo akamwinua mwenyewe, mwepesi kama kikapu cha majani ya chai, akamketisha mbele. Ruthi akapanda nyuma na fimbo yake. Tadeo akawasha gari, akaondoa breki, akaanza kuteremka taratibu kuelekea kanisani, kwenye udongo mwekundu uliokuwa bado na unyevu.