Kisanduku cha Jina la Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chuo kikuu kimoja cha Butembo, nilipewa kiti kisicho na mgongo na ufunguo wa chumba cha seva, yaani mashine inayotunza masomo na kazi za wanafunzi wote. Mkuu wa Kituo cha Kompyuta alinionyesha jenereta kwanza. "Mama, kama ile moteur hapana lia, zingine zote zinalala. Donc, anza kujua ile."

Tulitumia programu huria ya kufundishia. Huria maana yake msimbo wake, maandishi yanayoiamuru kompyuta, uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuwarudishia wenzake alichorekebisha. Wenzetu walikuwa katika nchi nyingi, tukikutana kwenye jukwaa la mtandaoni. Mwenye neno la mwisho aliitwa mtunzaji mkuu. Hakuna mstari ulioingia bila yeye kuukubali. Mimi nilianza na kutafsiri vitufe. Nilibishana wiki nzima na watu wa pwani: wao walitaka "wasilisha", mimi nilitaka "tuma". Nilishindwa, na mpaka leo nasema haki ilikuwa yangu.

Sasa kosa langu. Sisi Wanande humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, kwa hiyo akina Masika wamejaa kila mtaa. Mimi mwenyewe ni Masika. Darasani kule Lubero tulikuwa watano. Kinachotutenganisha ni kwamba Mkongomani ana majina matatu: nom, la kwanza; postnom, la katikati; na prénom, la mwisho. Programu ile ilikuwa na visanduku viwili tu, kwa sababu walioiandika hawakuhitaji cha tatu. Tukaiacha postnom nje, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka mmoja orodha ilijaa watu waliojisajili mara mbili. Nikaandika amri fupi ya kuunganisha akaunti zenye majina yaleyale na kubakiza kazi iliyotumwa mwisho. Niliijaribu kwa majina ya kubuni, ikaenda vizuri. Nikaiendesha kwa chuo kizima, nikaenda kula ugali wangu kwa raha zangu.

Siku mbili baadaye aliingia msichana kutoka Beu, kule Beni, bado ana vumbi la barabara.

"Mama, kazi yangu ya mwisho haiko. Ile iko pale ni ya mutu mwingine, anasema juu ya viazi vya Lubero. Mi niliandika juu ya maji ya Beni."

"Majina yako?"

"Masika Mwenge Neema."

Kwenye orodha kulikuwa na Masika Neema mmoja tu. Wa Lubero, Masika Musubao Neema, alikuwa ametuma baadaye, na amri yangu ilikuwa imewafanya mtu mmoja. Nakala ya akiba, ile tunayohifadhi kando, nayo ilikuwa imeshafunikwa na nakala mpya. Kompyuta ya binti ilikuwa imeibiwa. Alitakiwa kuitetea kazi yake mbele ya walimu baada ya wiki mbili. Bila hiyo kazi mwaka wake umekwenda.

Nilipopeleka habari, Katibu Mkuu wa Masomo alifunga mlango wa ofisi yake.

"Mama Masika, andika tu kwamba hakutuma. Tukikubali kosa, tutasema nini kwa wazazi?"

"Bwana Katibu, alituma. Mi ndio nilifuta."

"Unataka kupoteza kazi yako juu ya mutoto moya?"

Niliogopa sana, nisiwadanganye. Lakini nilimwona binti yule akirudi Beni akiitwa mvivu kwa kosa langu, na hasira ikashinda woga. Nikaeleza kila kitu kwenye jukwaa, hadharani, kwa jina langu. Mtunzaji mkuu alijibu upesi: "Zima seva. Faili zilizofutwa bado zimo mpaka programu ya usafi ipite." Nilikimbia na viatu mkononi. Jioni ile, kwa maelekezo ya watu nisiowahi kuwaona, tukaipata kazi ya binti wa Beni, kurasa zote. Alipoiona alikaa sakafuni akalia, nami nikakaa pembeni yake, nikalia pia.

Sikufukuzwa, ila Katibu hakunisemesha mwaka mzima. Nikaandika kiraka, yaani marekebisho madogo: kisanduku cha jina la tatu, na katazo la kuunganisha watu kwa majina peke yake. Mtunzaji mkuu alikikataa mara mbili, akiuliza ni nani atakihitaji. Mara ya tatu nilimtumia orodha yetu ya akina Masika, akakubali.

Sasa nimestaafu, nalima maharage. Ninyi mliobaki Butembo na Beni mna mashine nzuri kuliko zangu, na ushauri wangu ni mmoja: msijaribu amri zenu kwa majina ya kubuni, jaribuni kwa majina ya nyumbani kwenu.

Juzi nilichungulia jukwaani. Kijana wa nchi ya mbali alikuwa amependekeza kisanduku cha tatu kifutwe, kwa kuwa kwao hakuna anayekijaza. Nikavaa miwani, nikaanza jibu refu na kali. Kabla sijalimaliza, jibu la mtu mwingine likatokea chini ya lile pendekezo:

"Kisifutwe. Mimi nimo ndani yake. Masika Mwenge Neema, mwalimu, Beni."

Nikafuta langu.