Ndoo Saba Ndani ya Mtumbwi

Leo nimeujaza maji mtumbwi wa kijiji kabla haujanunuliwa, na nimeshangiliwa.

Ngojeni niwaeleze.

Shamba letu la ujamaa liko ng'ambo ya mto Pangani, na mto una mamba. Kwa hiyo asubuhi tulishuka mtoni kuupokea mtumbwi kutoka kwa mzee mmoja wa Ngombezi. Alikuwa ameuweka juu ya magogo mawili, umepakwa lami mpya, unang'aa.

Wanaume watano wa kamati ya ununuzi wakaupigapiga ubavuni kama wanaochagua ng'ombe. Mwenyekiti akatoa kalamu.

Nikasema, "Shikamoo mzee. Naomba kwanza tuutie maji."

"Marahaba. Mama, mtumbwi ndio unaingia majini, sio maji yaingie humo."

Kamati ikacheka.

Jamani, mimi hata chungu sokoni Korogwe sinunui mpaka nikijaze maji nione kama kinavuja. Sasa huu ndio utakaobeba wanangu.

Mimi na kina mama wenzangu tuliokuja nao tukachota ndoo saba, tukazimimina ndani.

Mwanzoni halikutoka kitu.

Kisha tone. Kisha mchirizi. Lami ikabanduka, likachomoka fundo la katani lililoziba ufa mrefu kama mkono wangu.

Mzee akasema hilo ni jasho la mti.

"Basi mzee, tangulia wewe, uvuke urudi."

Akautazama mto, akaanza kutafuta viatu vyake.

Nyie mngenunua? Semeni ukweli.

Asubuhi kamati ilikuwa na wanaume watano. Kuanzia jioni hii ina wanaume watano, mimi, na ndoo yangu.