Namba kwenye Vioo vya Kumail

Revelian huchora namba za magari kwenye vioo, pale Tabata, kando ya lami. Dar nzima inajua sababu: vioo visivyochorwa huibwa mchana kweupe, vilivyochorwa havina mnunuzi. Wenzake hutumia vibao vya herufi. Yeye huiongoza mashine yake ndogo ya kuchonga kwa mkono mtupu, na mwandiko wake ni wa kadi ya harusi. Tatizo ni kwamba anajijua.

Jumamosi moja likaegeshwa mbele yake gari jeusi, limelala chini kiasi kwamba hata paka angepita kwa shida uvunguni. Mwenyewe, kijana Kumail, alikuwa anakwenda kumwona shangazi yake mtaa wa ndani, na mashimo ya huko yangelichana tumbo.

"Shikamoo mzee. Hili ni la mashindano, kiwanda kimerekebisha vitu vichache tu liruhusiwe barabarani. Yako arobaini dunia nzima. Naomba uniangalizie, mtu asiliguse."

"Marahaba. Nenda tu mwanangu, mie nipo."

Mtu asiliguse. Kiswahili chepesi kabisa. Lakini Revelian alilizunguka akiwafukuza watu, kisha akalizunguka tena akitafuta namba kwenye vioo, asiione. Magari arobaini dunia nzima, na moja lingebeba mwandiko wake. Hilo ndilo lililomshikisha mashine. Wizi hata haukumjia akilini.

Kioo cha kwanza hakikutoa vumbi. Kilitoa nyuzi nyeupe, kama nazi inayokunwa, maana vioo vya gari lile vilikuwa vya plastiki ili liwe jepesi. Herufi zikapinda, pembeni pakaingia ufa. Mwenye akili angeishia hapo. Yeye akahamia mlango wa pili, ili angalau pande zote zifanane.

"Baba Koku," Mwamvita, muuza chapati wa jirani, akamwambia Revelian, "si umeambiwa uliangalie tu?"

"Ndo naliangalia."

Kumail aliporudi alipitisha kidole kwenye ufa. Watu wakasogea kusubiri matusi. Revelian aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na mashine bado ilikuwa mkononi mwake.

"Mzee uliogopa wataiba vioo, eti?" Kumail aliuliza kwa sauti ya chini.

Ilikuwa nafasi ya kusema kweli, na ilikuwa pia nafasi ya kupona.

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi hujakosea. Umenitendea kama mtoto wako." Akampa mkono, mkono wa pili ukiwa juu yake, mbele ya watu wote, kisha akawasha gari akaenda zake.

Watu wakaanza kumsifu. Mmoja akasema wazee wenye roho kama ile wamekwisha mjini. Mwamvita peke yake alikuwa anamtazama, naye Revelian akabaki amesimama palepale, hajui pa kuuweka ule mkono ulioshikwa na Kumail.