Chini ya Vitenge vya Hongera

Mama yangu alivuka ziwa kutoka Ukerewe kuja kunilea baada ya mimi kujifungua, na siku hiyo hiyo tukaanza kugombana juu ya uso wa mwanangu. Mimi nilikuwa namlaza chali kwenye godoro lisilo na mto, chini ya neti, kama nilivyofundishwa kliniki. Nikigeuka tu, nakuta kitenge kimetandazwa kuanzia utosini mpaka miguuni. Hapa kwangu Buhongwa jua lilikuwa linapasua bati, na mtoto kavalishwa kofia ya sufu!

"Mama, atakosa hewa huyu."

"Atakosa wapi? Wewe nilikufunika hivyo hivyo, kwani ulikufa?"

Wote wawili tulijua ni nani aliyekufa. Dada yangu, ambaye sikumkuta, aliondoka akiwa mchanga, na nyumbani ilijulikana kwamba ni jicho baya la mgeni aliyekuja kumtazama. Mama alimjua hata huyo mgeni: jirani yetu mmoja asiye na mtoto, ambaye tangu utotoni nilikatazwa kupokea hata kipande cha muhogo mkononi mwake. Kwa hiyo mama hakuwa anazuia baridi. Alikuwa anaficha uso. Nilimwelewa, na bado nilikitoa kile kitenge kila alipotoka, tena kwa hasira.

Jumapili wakaja akina mama wa jumuiya ya kanisani kunipa hongera, wengi, vigelegele kuanzia getini. Kwetu zawadi ya mzazi haiwekwi mezani wala sakafuni. Huwekwa juu ya kitanda chake, ionekane kwamba ana watu. Mtoto alikuwa amelala katikati ya kitanda hicho, neti nimeifunga juu kwa ajili ya wageni. Waliotangulia walimwona, wakamsifu pua, wakaweka vitu vyao pembeni. Nikatoka nao sebuleni kunywa soda. Mama alibaki nyuma kidogo. Kumbe alibaki kumfunika.

Waliofuata waliingia wenyewe, mmoja mmoja, wakaweka, wakatoka wakicheka. Wa mwisho alipokaa, akauliza, "Na mtoto mwenyewe mmemficha wapi?"

"Si huyo humo kitandani, amelala," mama akajibu kwa fahari.

"Mbona kitandani kuna nguo tu?"

Sijui nilifikaje chumbani. Juu ya kitanda kulikuwa na vitenge, mashuka, mablanketi, hata mfuko wa michembe, viazi vilivyokaushwa vya kupikia uji, na mtoto hakuwepo. Nilisimama nikikodoa macho, akili imegoma kabisa. Mungu anisamehe, nilifikiri ameibwa. Mama ndiye aliyenisukuma kando, akaanza kurusha vitu sakafuni kwa mikono miwili. La mwisho lilikuwa blanketi zito la manyoya, na chini yake kile kitenge chake mwenyewe. Mwanangu alikuwa amelowa jasho kama aliyetolewa kwenye beseni, kimya, midomo imebadilika rangi.

Nilimnyanyua. Hakulia. Nikamkimbiza dirishani, nikamvua kofia, nikamsugua mgongo, nikamwita kwa majina yote ya mapenzi niliyokuwa nayo. Hakulia. Halafu akakunja uso, akavuta hewa kwa nguvu, akaachia kilio. Huko sebuleni wakadhani ameamka tu, wakapiga kigelegele.

Nikapiga kelele waite bodaboda, twende hospitali. Kisha nikageuka ili nimtukane mama yangu mzazi. Ndiyo, maneno nilikuwa nimeshayapanga mdomoni. Nikamkuta amekaa sakafuni katikati ya zawadi, ameshika kile kitenge. Hakuwa ananitazama mimi wala mtoto.

"Dada yako," akasema taratibu, "siku ile na sisi tulikuwa na wageni wengi. Nilimtoa chini ya nguo hivi hivi."

Nikachuchumaa mbele yake. Mtoto alikuwa bado analia begani kwangu, na mama akaendelea kukikunja kitenge na kukikunjua.

"Yule mama jirani alikuja mikono mitupu, mwanangu. Hakuweka kitu kitandani. Na yupo pale pale mpaka leo, hatumsalimii."