Siku Niliyotangaza Kwamba Injini Inawaka

Ningeificha aibu hii mpaka uzeeni, lakini juzi Baba Ciku wa kiwanda cha kahawa aliisimulia kwenye harusi ya dada yangu, mbele ya wakwe, akatia chumvi kwamba niliruka kama mbuzi. Sikuruka kama mbuzi. Niliteleza. Basi afadhali niisimulie mwenyewe, na makosa yangu yote yakiwa kamili, kwa sababu mimi ni mtu wa kupenda vitu viwe kamili, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia.

Nilikuwa nimemaliza politekniki ya kijiji chetu, huku Mukurwe-ini, upande wa umakanika, na nilikuwa wa kwanza. (Tulikuwa tisa, lakini wa kwanza ni wa kwanza.) Tulifundishwa kwa injini moja ya dizeli tuliyopewa na kiwanda cha mbao kilipofungwa, na injini yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Dizeli hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo tangi lilikuwa limetoboka, kwa hiyo mtihani ulikuwa kuifungua, kupangusa kila kipande, kuifunga tena, halafu unasimama wima, unafuta mikono na kusema kwa sauti, "Injini inawaka, Mwalimu!" na Mwalimu Otieno anakutilia alama ya vema. Mimi niliifungua na kuifunga mara arobaini na moja. Nilihesabu. Nyumbani nilijisomea kijitabu cha michoro ya injini mpaka nikakijua chote kwa moyo, pamoja na doa la chai lililokuwa ukurasa wa kumi na mbili.

Lakini waliotutangulia, wenye alama za vema kama zetu, walikuwa wamekaa tu. Mmoja alibeba magunia ya kabichi soko la Karatina, mwingine alirudi kukata majani ya ng'ombe wa baba yake. Hivyo meneja wa kiwanda cha kahawa alipokubali kunijaribu kwa wiki mbili wakati wa mavuno, Mwalimu Otieno alinishika bega akaniambia, "Kijana, ukifanya vizuri huyu mtu atachukua na wenzako wanane. Tafadhali usituangushe."

Siku ya tatu, mwendo wa saa nne asubuhi, injini ya mashine ya kutoa kahawa maganda ikaanza kukohoa. Baba Ciku, aliyeiendesha miaka yote, akaizima, akachukua kikombe cha dizeli na kitambaa.

"Ni uchafu tu kwa chujio," akasema. "Dakika kumi."

Meneja akanigeukia. "Na fundi wetu wa politekniki anasema nini? Injini kama hii unaijua?"

Ningeweza kusema, "Nimeifungua mara nyingi, lakini sijawahi kuisikia ikinguruma." Sentensi moja fupi. Badala yake nikajisikia nikisema, "Naijua ndani na nje, bwana meneja. Afadhali tuifungue yote." (Chujio la dizeli sikuwahi kulisafisha maishani, kwa sababu lingechafuka na nini? Kufungua yote ndiyo kazi niliyoijua.)

Baba Ciku aliniangalia, akaangalia kikombe chake, akakiweka chini.

Nikaanza. Nilitandaza gunia safi, nikapanga nati kwa ukubwa, kutoka kubwa mpaka ndogo, nikapangusa kila moja, na moja iliyokuwa na kutu nikaisugua mpaka nikajiona usoni mwake. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Sikuona kwamba saa sita imepita na akina mama wameanza kufika na kahawa waliyochuma asubuhi, na kahawa nyekundu lazima itolewe maganda siku hiyo hiyo, la sivyo inaharibika na kushushwa daraja, na jasho la mwaka mzima linaenda hivyo. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Mbele kabisa alikuwa Mama Wairimu, jirani yetu, ameketi juu ya gunia lake.

"Ati huyu anatengeneza vyuma ama anaviuza?" akauliza.

"Mwache, Mama Wairimu, huyo amesoma," mwingine akamjibu.

"Hata mimi naona amesoma. Kahawa yangu ndiyo haijui."

Nikaendelea kukaza, na sikukosea. Saa nane na nusu nilikaza nati ya mwisho, kila kipande kimepanguswa, hata chujio, na hakuna kilichobaki kwenye gunia. Watu wakasogea. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Na mimi, kwa mazoea ya mara arobaini na moja, nikasimama wima, nikafuta mikono, nikainua kidevu na kutangaza mbele ya kijiji kizima:

"Injini inawaka, Mwalimu!"

Injini ilikuwa kimya kama jiwe. Ndege mmoja alilia kwenye migomba.

"Inawaka wapi?" meneja akauliza.

"Nyamazeni tusikie," akasema Mama Wairimu, "labda inawaka kwa Kizungu."

Kicheko kilichotoka kwenye foleni ile bado nakisikia nikilala. Nikaukamata mkono wa kuwashia, nikazungusha, nikazungusha tena mpaka shati likalowa, hakuna kitu. Ndipo Baba Ciku akaja polepole, akalegeza nati moja ndogo kwenye bomba la dizeli, mapovu yakatoka, akaikaza. "Kuna hewa," akaninong'oneza. "Ukifungua lazima utoe hewa. Hawakukuambia?" Hawakuniambia. Akazungusha mkono mara mbili tu, na injini ikalipuka kwa ngurumo pembeni ya sikio langu, na mimi, fundi wa kwanza kati ya tisa, nikapiga mayowe, nikarudi nyuma, nikateleza (nasema tena, nikateleza) na kuketi kwenye mfereji wa kuoshea kahawa, utelezi wa maganda mpaka kifuani.

Wakati kahawa ya Mama Wairimu ikipita kwenye mashine, meneja alinisimamisha kando, nikichuruzika maji.

"Sema ukweli. Umewahi kusikia injini ikiwaka?"

"Hapana. Ya shule haijawahi."

"Haijawahi kabisa? Na wote tisa mmefaulu?"

Nikajua nimewaangusha wote wanane. Lakini Jumatatu meneja alimchukua Baba Ciku wakaenda politekniki, wakaizunguka ile injini yetu, na Baba Ciku akamwambia Mwalimu Otieno, "Kijana anafunga vizuri kuliko mimi. Tangu siku hiyo injini ya kiwanda haijakohoa. Lakini ni kama mmemfundisha kuosha maiti." Wakakubaliana kwamba kila Alhamisi wanafunzi wawili waje kiwandani, washike injini iliyo hai, waungue vidole kidogo. Mimi nikaandikwa msaidizi wa Baba Ciku, na wenzangu wawili wakanifuata msimu uliofuata, na mwingine yuko kwenye mashine ya mpunga huko Kagio.

Niliapa, na sijavunja, kwamba sitatangaza tena kazi yangu. Nikikaza nati ya mwisho natoa hewa, naangalia mfereji uko wapi, na kunyamaza. Mama Wairimu, akiwa mbele ya foleni kama kawaida, huuliza, "Fundi, leo inawaka kwa lugha gani?"

Simjibu. Nazungusha mkono, na injini inamjibu yenyewe.