Mshika Ncha ya Tepu

Mimi ni mwashi. Miaka ishirini na sita nimepanga matofali, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumshikia mtu ncha ya tepu ila mara moja, nikiwa nimeshachelewa. Naanza na hilo ili usihangaike kutafuta nani mwenye makosa. Ni mimi. Lakini habari yenyewe si yangu, ni ya shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kamba.

Kazi yake watu wengi hawaijui hata kama wamelala ndani yake maisha yao yote. Kabla mwashi hajafika na mwiko wake, lazima mtu aichore nyumba ardhini. Anapigilia vigingi, anafunga kamba, anapima kona, mpaka kiwanja kilichokuwa majani matupu kinaonyesha ukuta utapita wapi na mlango utakaa wapi. Nyumba ikiisha, mwenye nyumba anamshukuru mwashi, anamshukuru seremala, anamshukuru hata aliyepaka rangi. Aliyefunga kamba hakumbukwi na mtu. Kaka na mkewe walifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na sikuwahi kuwasikia wakinung'unika, ingawa mimi ningenung'unika kuanzia siku ya kwanza.

Walikuwa na tepu moja ndefu ambayo ncha yake ililiwa na tairi la lori la mchanga mwaka wao wa kwanza kazini. Sentimita za mwanzo zilipotea kabisa. Mtu mwenye akili timamu angenunua nyingine, lakini kaka alikuwa na kichwa kigumu, akasema mita zilizobaki zinatosha. Basi shemeji akawa anashika tepu kwenye alama ya kumi badala ya sifuri, na kaka, upande wa pili, anaongeza kumi kwenye kipimo. Ili wasisahau, shemeji alipaza sauti, "Kumi!" na kaka akajibu, "Nimeongeza!" Siku nzima ndiyo hiyo, kumi, nimeongeza, kumi, nimeongeza. Ukipita barabarani ungedhani ni watu wanaogombana. Mimi nilikuwa nawacheka, nikiwaambia hiyo ndoa yao imekwama kwenye kumi haifiki kumi na moja.

Kaka alifariki mwaka juzi, kwa homa ya siku nne tu. Watu walikuja kumpa shemeji pole, wakakaa, wakasema wako naye bega kwa bega. Kisha kazi zikakatika. Mwenye kiwanja akija kuuliza nani atapima, shemeji alijibu kwamba atapima mwenyewe. Anaulizwa, na nani? Anasema, peke yangu. Hapo mtu anaangalia saa yake, anasema atarudi. Hakuna aliyerudi. Alikuwa anajua kila kitu kaka alichokijua, na pengine zaidi, kwa sababu mahesabu ya ramani alikuwa akiyafanya yeye, kaka akitia saini. Lakini nenda ukawaambie watu hivyo.

Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga. Kitanda, viti viwili, jiko pembeni, na chini ya kitanda vigingi vimefungwa mafungu mafungu kama kuni. Jumamosi mchana nilikuwa naenda kumwona. Kwangu hakuna mtu. Mke nilikuwa naye, akanichoka, na simlaumu. Shemeji alinipokea kwa kunisema. Shati lako hili umelifua kwa saruji? Umekonda hivyo, matofali yanakula chakula chako? Nami nikajifanya nimekasirika, nikala, nikakaa mpaka jua lipungue. Katika mji huu mzima hakukuwa na mtu mwingine wa kunitania. Hilo nalisema waziwazi kwa sababu linahusika na nilichofanya baadaye.

Binti yake ameolewa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kila jioni alipiga simu na kila jioni ombi lilikuwa lile lile, mama aje akae naye, kuna kitanda kwenye chumba cha wajukuu. Shemeji hakutaka. Alisema akienda huko atakuwa mama wa nyumbani kwa mtu, wa kuambiwa pumzika mama, kaa mama, acha hiyo mama, na kupumzishwa hivyo kungemuua. Hata hivyo mwaka ulipita na nusu yake, bila kazi, na sauti yake kwenye simu ikaanza kulegea.

Ndipo akaja muuguzi mmoja wa zahanati, mwanamke wa maneno machache, ana kiwanja na ramani. Nyumba ya mama yake ilipimwa na kaka na shemeji zamani, na mpaka leo haina ufa. Hakuuliza na nani. Alimpa shemeji ramani akaondoka. Jioni ile, binti alipopiga simu, nilikuwepo, nimeketi kiti cha pili. Shemeji aliweka simu mezani na kuzungumza kwa sauti ili tusikie wote wawili.

"Nitaipima hii nyumba peke yangu, tangu kigingi cha kwanza mpaka cha mwisho. Ikifunga, nabaki, na usiniulize tena. Isipofunga, nakuja na sanduku langu."

Kufunga, kwa lugha ya kazi yetu, ni hivi: ukishapata kona nne, unapima kutoka kona moja hadi ile inayoikabili, kisha unapima zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, nyumba imekaa sawa, imefunga. Visipolingana, nyumba imelala upande, na utakachokijenga juu yake kitakuwa aibu ya miaka mingi. Kaka aliifanya kazi hiyo asubuhi ya mwisho, kamba zikiwa zimelala usiku mzima na kulegea kadiri zinavyolegea. Hakuwahi kuifanya jioni.

Kiwanja cha muuguzi kilitazamana na mahali nilipokuwa najenga ukuta wa uzio. Barabara tu katikati. Kwa hiyo siku zote tatu niliziona kutoka juu ya jukwaa. Siku ya kwanza alifyeka majani na kusawazisha. Siku ya pili alipigilia vigingi na mbao za kufungia kamba, mwanamke wa miaka hamsini na mitano, anapiga nyundo tano, anasimama, anapiga nyingine tano. Siku ya tatu akaanza kona.

Tepu inataka watu wawili. Yeye alikuwa na msumari. Anaubana mwanzo wa tepu kwenye kigingi kwa msumari, anatembea mpaka upande wa pili, anavuta, msumari unang'oka, anarudi. Anapigilia tena, anatembea tena. Kipimo cha dakika moja kilimchukua robo saa. Mara moja, akiwa ameinama kwenye kigingi, nikamsikia ametoa sauti, "Kumi!" Akabaki ameinama vile vile kidogo. Kisha akanyanyuka, akatembea peke yake mpaka upande wa pili.

Roho iliniuma, nakubali. Mikono yangu ilikuwa na mwiko. Ningeweza kuuweka chini nikavuka barabara. Hata hatua arobaini hazifiki. Lakini chini yangu kulikuwa na vibarua wanne wananiita fundi mkuu, na nikajiambia fundi mkuu hashikishwi ncha ya tepu kama kibarua wa jana. Nikajiambia pia kwamba mwenyewe kasema peke yake. Nikageuza uso upande wa ukuta, nikaendelea kupanga. Matofali ya siku ile yalikwenda vizuri sana, kwa sababu sikutaka kutazama kitu kingine.

Alasiri alimaliza kona ya nne, akakusanya vifaa vyake, akaenda zake. Nilisubiri vibarua waondoke. Jua lilikuwa bado lipo. Nikavuka barabara, sasa ndiyo nikavuka, na tepu yangu mfukoni, nikapima kona kwa kona.

Zilizidiana kwa robo mita.

Nikapima tena nikitumaini nimekosea mimi. Robo mita ile ile. Nikapima ukuta wa mbele, uliotakiwa mita kumi na mbili. Ulikuwa umepungua sentimita kumi. Wa ubavuni, wa mita tisa, nao umepungua kumi. Hapo nikaelewa, nikakaa chini kwenye udongo. Alikuwa ameshika kumi, kama alivyoshika miaka kumi na tisa. Kuongeza haikuwa kazi yake. Kona ya kwanza, inayonyooshwa kwa tepu hiyo hiyo, mita tatu kwa nne kwa tano, na ambayo zote zinapimwa kutoka kwake, ilipinda kwa ajili ya kumi hiyo, na zilizofuata zikapinda nayo.

Nikisema nilichofanya baadaye nilimfanyia yeye, nitakuwa nadanganya. Niliona basi likimchukua. Niliona chumba kile kina mpangaji mwingine, na mimi Jumamosi mchana nazunguka mtaani natafuta pa kukaa. Nikakiacha kigingi cha kwanza, kilichowekwa na wapimaji wa viwanja, nikang'oa vitatu vilivyobaki. Nikaipima kona upya, nikavipigilia panapostahili, nikafunga kamba, nikafuta nyayo zangu kwa tawi kama mwizi. Kona kwa kona zikalingana. Nikaenda kulala nikijiona mtu mwema.

Asubuhi nilifika mapema, nikapanda jukwaani, nikajitia nachanganya udongo wa kupangia ambao ulikuwa umeshachanganywa. Shemeji akaja. Hakufungua tepu. Alizunguka kiwanja mara moja, polepole, kisha akachuchumaa penye kona ya pili na kushika kamba. Akaenda ya tatu. Akaenda ya nne. Akavuka barabara na kusimama chini ya jukwaa langu, mbele ya vibarua wangu wote.

"Shemeji, shuka."

Nikashuka. Tukavuka pamoja. Akanionyesha kamba, akasema kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionitisha, "Fundo hili ni la mwashi. Mimi sifungi hivi, na kaka yako hakufunga hivi."

Ningeweza kukana. Nikamwambia yote, ile kumi, ile robo mita, vigingi vitatu. Nikamwambia kosa lilikuwa dogo, kwamba hata mimi ningelifanya, kwamba hakuna atakayejua. Nilizungumza sana. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Leo asubuhi nilikuwa nije kupima kona kwa kona," akasema. "Ndiyo kazi ya asubuhi, unaijua. Ningeiona robo mita. Ningeitafuta, na ningeipata hiyo kumi mwenyewe. Sasa sitajua kama ningeipata."

Kwa nini sikusubiri asubuhi? Nilimwona hawezi, ndiyo maana. Nilikuwa nimesimama mahali pale pale wanaposimama wale wanaoangalia saa zao.

Alifungua kamba zote. Aling'oa vigingi, vyangu na vyake, akabakisha kile cha kwanza. Kisha akaninyooshea ncha ya tepu yao. Nikaichukua. Nikachuchumaa kwenye udongo huku vibarua wangu wanatazama kutoka ng'ambo, nikaiweka alama ya kumi kwenye kichwa cha msumari, nikaishikilia. Hakupaza sauti mtu. Alipima, akaongeza kimya kimya, akapiga kigingi, tukahamia kingine. Kabla ya adhuhuri kona nne zilikuwa tayari, na alipopima kona kwa kona hazikuzidiana hata upana wa uzi. Sijaona nyumba iliyofunga vile tangu nianze kazi hii.

Nikafurahi kama mtoto. Nikamwambia haya, mpigie binti, mwambie imefunga, mwambie asikuulize tena.

Alikuwa anajipangusa udongo magotini. Akatoa simu, akampigia kweli. Akamwambia atandike kile kitanda, anakuja mwisho wa wiki.

"Lakini imefunga!" nikasema.

"Imefunga kwa watu wawili, shemeji. Mimi niliahidi ya mtu mmoja."

Nikamwambia basi tuwe wawili. Nitamshikia tepu. Nyumba hii na zote zitakazokuja, nitaacha ukuta popote nilipo, nitakuja. Mwiko wataushika wengine. Nilisema nikiwa bado nimechuchumaa, ncha ya tepu mkononi, na nilikuwa namaanisha kila neno.

Akanitazama. Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Siku tatu ulikuwa juu ya ukuta ule," akasema. "Nilikuwa nakuona."

Kisha akaanza kukunja tepu kutoka upande wake, akija kwangu, na nilipoona imefika nikaiachia.